4,294,967,297 si nambari tasa

"Nimejaribu 2, 3, 5, 7, 11 na 13, zote zimekataa, kwa hiyo ni tasa." Kauli hii husikika kwenye madarasa ya tuisheni hapa Nairobi, kuanzia Buruburu hadi Kawangware, na nimechoka kuisahihisha. Tuipime kwa 4,294,967,297, yaani 2³² + 1.

Inaishia na 7, basi 2 na 5 zimetoka. Jumla ya tarakimu zake ni 59, basi 3 imetoka. Kwa 7, 11 na 13 hesabu moja yatosha, kwa sababu 7 × 11 × 13 = 1,001. Kata tarakimu tatu tatu kutoka kulia, kisha toa na ujumlishe kwa zamu: 297 − 967 + 294 − 4 = −380. Hakuna kati ya hizo tatu inayoigawa 380. Wengi huishia hapo. Lakini nambari isiyo tasa huwa na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, kwa hiyo ni lazima ujaribu tasa zote hadi hapo. Kipeuo cha pili cha nambari hii kinazidi 65,536 kwa kiasi kidogo sana, na chini yake mna nambari tasa 6,542. Umejaribu sita!

Fermat mwenyewe, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini ni tasa. Mwaka wa 1732 mwanahisabati Mswisi Euler akaonyesha kuwa ni 641 × 6,700,417, wala hakubahatisha. Kila kigawo tasa cha nambari hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakishe 1. Basi unajaribu 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu.

Uhakikisho hauhitaji hata kikokotoo. 641 = 5 × 2⁷ + 1, kwa hiyo ukigawanya kwa 641, 5 × 2⁷ ina baki la −1, yaani imepungukiwa 1 tu. Ipandishe kwenye kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ina baki la 1. Lakini 641 ni 625 + 16 pia, yaani 5⁴ + 2⁴. Weka −2⁴ mahali pa 5⁴, upate kuwa −2³² ina baki la 1. Basi 2³² + 1 haibakishi kitu.

Linaloniudhi zaidi ni hili: "Tumia kipimo cha Fermat. Pandisha 2 kwenye kipeo cha N − 1, gawanya kwa N, baki likiwa 1, N ni tasa." N hapa ni nambari unayoipima. Sivyo! Nambari yetu inafaulu kipimo hicho. Ukigawanya kwa N, 2³² ina baki la −1, hivyo 2⁶⁴ ina baki la 1, na N − 1, ambayo ni 2³², ni kigawe cha 64. Weka 3 mahali pa 2 uone inavyoanguka. Anayeanguka si tasa, hilo ni hakika. Anayefaulu bado hajathibitisha lolote.

Nambari yetu ni ya jamii ya nambari za Fermat: 2 ikipandishwa kwenye kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili, kisha unaongeza 1. Katika jamii hii tasa tunazozijua ni 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kama kuna ya sita, hakuna ajuaye. Na ile ambayo kipeo chake ni 2²⁰, yenye tarakimu 315,653, imethibitishwa kuwa si tasa, ilhali hadi leo hakuna aliyepata hata kigawo chake kimoja zaidi ya 1 na yenyewe.