Je, wajua kwa nini oili nzito si dawa ya kila gari kuukuu?

Peleka Toyota IST ya mwaka 2003 kwenye gereji ya mtaani Dar es Salaam, uliza iwekwe oili gani. Mara nyingi utajibiwa kabla hujamaliza swali: "Hii imeshatembea sana, weka ishirini hamsini." Yaani 20W-50. Wapo wanaotaja hata namba 40, ile isiyo na W kabisa. Hoja yao ni moja: injini ikizeeka hulegea, na iliyolegea inataka oili nzito.

Hoja hiyo ina ukweli, ndiyo maana imedumu. Injini ikinguruma, krankshafti, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, haigusani na beringi zake. Huelea juu ya utando wa oili, katika upenyo mwembamba kuliko unywele. Kadiri beringi zinavyolika, upenyo huo hupanuka, oili hutoroka upesi na presha hushuka, hasa injini ikishapata moto. Oili nzito haitoroki haraka, kwa hiyo presha hupanda. Hapo fundi hajakosea.

Anapokosea ni pale anapopima kulegea kwa kutazama mwaka wa gari. Gari la miaka 20 lililobadilishwa oili kwa wakati linaweza kuwa na injini ngumu kuliko la miaka 8 lililotembezwa na oili iliyoganda kama lami. Swali iulizwe injini, isiulizwe kadi ya gari.

Sasa tazama zile namba. Herufi W imetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Namba iliyo kabla yake inaonyesha oili inavyotiririka ikiwa baridi, ndogo ikiwa ndiyo nyepesi zaidi. Namba ya mwisho inaonyesha uzito wake kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, joto la injini iliyokwisha kuchemka. Kwa kuwa Dar haina baridi, wengi huipuuza namba ya kwanza. Lakini alfajiri, gari likiwa limelala nje, oili iliyomo ina nyuzi 25 hivi. Kwako wewe hilo ni joto. Kwa injini iliyoundwa kufanya kazi karibu na nyuzi 100, hiyo ni baridi. Katika hali hiyo 20W-50 huwa nzito zaidi ya mara mbili ya 5W-30, na hukawia kufika juu kwenye kamshafti, shafti inayofungua vali. Injini hulika upesi zaidi muda huo mfupi, wakati chuma kinasubiri oili. Ukiwa Njombe au Makete mwezi wa Julai, hali ni mbaya zaidi.

Kwenye IST, Vitz na ndugu zao kuna jambo jingine ambalo naona halisemwi vya kutosha. Injini zao zina VVT-i, mfumo unaobadilisha majira ya kufunguka kwa vali kwa kutumia presha ya oili yenyewe. Oili hupita kwenye vali ndogo yenye chujio dogo sana. Ikiwa nzito kupita kiasi, au chafu, mfumo huchelewa kuitikia: gari linakosa nguvu, linakunywa mafuta, na wakati mwingine taa ya injini inawaka. Corolla ya zamani isiyo na VVT-i huvumilia 20W-50 kwa urahisi zaidi. Magari mawili makuukuu, mahitaji mawili.

Basi anza na oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa IST, 5W-30 ni ya kawaida. Kisha pima kwa kijiti kila wiki, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa dakika kadhaa. Oili isiposhuka kutoka sevisi moja hadi nyingine, na taa ya presha haiwaki, huna sababu ya kubadili. Ikishuka, kagua kwanza uvujaji chini ya gari, kisha tazama moshi. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi ukiwasha, halafu ukapotea, mara nyingi ni sili za vali zilizokauka. Unaotoka ukikanyaga mafuta kupanda mlima huelekeza kwenye ringi za pistoni. Hapo panda ngazi moja, 10W-40 au 15W-40, uone. Usirukie 50 moja kwa moja, na ujue kwamba oili nzito hupunguza ulaji tu. Ringi iliyokwama kwa masizi haitaachia kwa sababu hiyo.

Kuna herufi ambazo, kwa maoni yangu, mnunuzi wa pesa kidogo azitazame kabla hata ya jina la kampuni. Kwenye dumu, baada ya neno API, yaani Taasisi ya Petroli ya Marekani inayopanga viwango vya oili, kwa gari la petroli utaona herufi mbili zinazoanza na S. Ya pili ikienda mbele kwenye alfabeti, kiwango ni kipya zaidi. SF ni ya injini za mwaka 1988 kurudi nyuma. SL ilianza 2001, SP mwaka 2020. IST ya 2003 inataka SL au ya juu yake: SM, SN au SP. Dumu la bei poa la 20W-50 lenye SF limepitwa na gari lako kwa miaka 15, hata kama gari lenyewe unaliita mkweche. Na oili ya kupima kutoka kwenye pipa haina herufi yoyote unayoweza kuithibitisha.

IST ya injini ya 1.5 huchukua takriban lita 3.7 pamoja na filta. Nunua dumu la lita 4 lenye kizibo kisichofunguliwa, na kile kinachobaki kiweke kwenye buti kwa ajili ya kuongezea.