Wacheni kujaza tairi mpaka liwe jiwe

Kipupwe kikishaingia na njia za mashamba kukauka, huanza kumiminika kwangu, fundi baiskeli wa hapa Pemba: vijana wa Chake na Wete, wageni kutoka Unguja na Dar, na baiskeli zao za graveli, yaani za njia za kokoto. Salamu hata hazijakwisha, neno ni lile lile: "Fundi, nipige upepo fulu, leo tunakwenda Kigomasha." Nimeeleza kwa mdomo mpaka nimechoka. Leo naandika, na atakayekuja tena na neno hilo nitampa asome huku akisubiri.

Dhana: Tairi gumu ndilo linalokimbia, tena halipati pancha

Kwenye lami laini dhana hii ina chembe ya ukweli, na ndiko ilikotoka. Matairi kwa miaka mingi yalipimwa juu ya pipa la chuma linalozunguka, na juu ya chuma laini kadiri unavyoongeza upepo ndivyo tairi linavyokwenda kwa wepesi. Sasa pipa lile halina kokoto, wala halina mtu aliyekaa juu ya tandiko. Njia ya kutoka Konde kupita Msitu wa Ngezi ina vyote viwili.

Tairi gumu likikutana na kokoto haliwezi kubonyea, kwa hiyo linaipanda. Likiipanda, wewe na baiskeli yako mnainuliwa pamoja. Ni milimita chache tu, lakini ni kilo zako zote, na kokoto hazina idadi. Nguvu ya kuinua imetoka miguuni mwako, na badala ya kukusukuma mbele inaishia kukutikisa viganja, mgongo na nyama za mapaja. Tairi lenye upepo wa kiasi huimeza kokoto ile na kuendelea. Ndiyo maana mtu anafika mnara wa taa wa Kigomasha vidole vina ganzi, halafu anailaumu njia.

"Mbona nikiwa fulu nahisi nakwenda mbio zaidi, fundi?" Unahisi hivyo kwa sababu unatikiswa, na mwili huudhania mtikisiko kuwa ni kasi. Kama huniamini, tafuta mteremko wa kokoto usio na kona. Anza kwenye mti mmoja, shuka bila kupiga pedeli wala kushika breki, tia alama pale baiskeli inaposimama yenyewe. Punguza upepo kutoka psi 60 (psi ndiyo namba ya kipimo cha upepo wa tairi) mpaka 36, rudia kutoka mti ule ule. Nimewafanyisha jambo hili wabishi wengi, na alama ya pili huwa mbele.

Mlimani ndiyo kabisa. Upepo ukizidi, sehemu ya tairi inayoikamata ardhi hupungua, na juu ya kokoto zilizolegea tairi la nyuma linazunguka pale pale mpaka unashuka na kusukuma. Halafu unaambiwa huna mazoezi!

Tuje kwenye pancha, maana hapa ndipo ubishi unapokuwa mkali. Nikishavua tyubu, tundu lenyewe hunieleza. Tundu moja dogo, mara nyingi katikati ya mgongo wa tairi, ni mwiba, na mwiba haukuulizi una upepo kiasi gani. Mpasuko mfupi wenye kingo safi ni jiwe la matumbawe, yale makali ya uwandani upande wa mashariki. Na mpira uliovutwa mpaka mwisho hukatwa upesi kuliko ule wenye nafasi ya kubonyea. Matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba ni tyubu iliyobanwa baina ya ringi na jiwe. Hiyo peke yake ndiyo pancha ya upepo mdogo. Kwa hiyo sisemi mtoe upepo mpaka tairi lilale. Nasema kuna kiasi, na kiasi kinajulikana.

Mtu wa kilo 70, tairi la milimita 40 lenye tyubu: mbele psi 34, nyuma 38. Tairi la milimita 45: mbele 30, nyuma 33. Nyuma huzidi kwa sababu uzito mwingi unakaa huko. Kila kilo 10 zinazoongezeka mwilini au kwenye mizigo, ongeza psi mbili au tatu. Ukiwa huna tyubu ndani, unatumia ile dawa nyeupe ya kuzibia, punguza nne hivi. Ila dawa yenyewe kwa joto letu usiiache zaidi ya miezi miwili mitatu bila kufungua na kutazama, hukauka kimya kimya. Ukiingia mchangani, punguza tena. Ukirudi kwenye lami kwa safari ndefu, ongeza tano.

Na ile namba iliyochapishwa ubavuni mwa tairi! Kijana mmoja alinisomea kwa sauti, kidole juu ya maandishi, kama mwanasheria aliyeshinda kesi: "Imeandikwa 70, fundi." Imeandikwa usizidishe 70. Ni mpaka, si maagizo. Ukiujaza mpaka huo asubuhi penye ubaridi kisha baiskeli ukaiacha juani wakati wa adhuhuri, upepo uliomo ndani unapanda wenyewe bila mtu kugusa pampu. Joto likiongezeka nyuzi 25, tairi la psi 30 hufika 34 hivi. La 70 huongezeka zaidi, na limeshauvuka mpaka wake.

Kidole gumba hakipimi. Mnabonyeza, mnatikisa kichwa, mnasema "hapa pako sawa", na nikiweka kipimo nakuta 65. Nunueni kipima upepo, kile kidogo kinachokaa mfukoni. Mkiniuliza kifaa cha kwanza cha kununua baada ya kofia ngumu, ni hicho, kabla ya miwani, kabla ya jezi, kabla ya hiyo taa yenye rangi saba. Na tumieni hicho hicho kila siku, kwa sababu vipimo viwili havisemi namba moja.

Dhana: Pemba ni kisiwa, kwa hiyo ni tambarare

Hii ni ya wageni, wenyeji hawathubutu. Ni kweli hakuna kilima hapa kinachofika mita 150. Lakini upande wa magharibi na katikati ya kisiwa ni kilima, bonde la mpunga, kilima, bonde la mpunga, kutwa. Panda mita 25 mara 20, umeshapanda mita 500, na baadhi ya miinuko hiyo ni mikali kiasi cha kusimama juu ya pedeli. Njoo na gia nyepesi: meno ya mbele yasizidi ya gia kubwa ya nyuma. Walio na gia za mashindano ya lami nawaona wakisukuma baiskeli kati ya mikarafuu, watoto wa skuli wanawapita kwa miguu.

Dhana: Njia ikionekana kwenye ramani ya simu inapitika

Inapitika saa ngapi? Ramani inachora mstari kando ya mikoko na kuvuka vijito vya hori, haikwambii kwamba mstari huo una maji mara mbili kwa siku. Maji yetu hujaa na kupwa mara mbili, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo njia uliyoipita kavu Jumamosi saa tatu asubuhi usiitegemee saa hiyo hiyo Jumatano. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, yanasamehe kidogo, bamvua halisamehi. Kabla ya kushuka pwani muulize mvuvi yeyote, atakujibu hata bila kuinua macho kwenye wavu wake.

Dhana: Kokoto na mizizi zinataka shokapu

Hapana. Zinataka tairi pana lenye upepo sahihi. Rudi juu usome.

Dhana: Ukimaliza pwani, ioshe baiskeli kwa maji ya bahari itoke mchanga

Nimeona mtu akiiingiza baharini ufukwe wa Vumawimbi mpaka ekseli, anaisugua kwa furaha. Mchanga umetoka, chumvi imeingia kwenye beringi, kwenye cheni, na pale spoki zinapokutana na ringi. Kuendesha juu ya mchanga mgumu wa maji kupwa ni raha kubwa, sikatazi, lakini siku hiyo hiyo ioshe kwa maji baridi ya kisima au ya bomba, kwa ndoo na kitambaa. Mpira wa maji wenye kasi usiuelekeze kwenye beringi. Ikaushe, ndipo utie mafuta. Na mafuta yawe ya cheni. Yale meusi yaliyomwagwa kutoka kwenye injini ya gari yana vumbi la chuma ndani yake, yananata, yanakusanya mchanga wote wa Pemba, na gia zinalika kabla ya mwaka. Ukiyaleta kwangu kwenye chupa ya soda, utarudi nayo.

Dhana: Msitu ni wa umma, baiskeli inapita popote

Ngezi ni hifadhi. Unasimama langoni, unalipa, unafuata njia iliyopo, huchongi njia yako katikati ya mipapindi, miti ya jamii ya mnazi ambayo asili yake ni kisiwa hiki tu. Popo wa Pemba naye hapatikani pengine popote duniani, na mchana ndiyo usiku wake. Spika ya muziki kwenye hendeli iacheni nyumbani.

Dhana: Pembeni mwa barabara ni kwetu sisi wa baiskeli

Msimu wa karafuu, pembeni mwa barabara ni pa majamvi. Karafuu huanikwa hapo kwa siku kadhaa, na kila jamvi lina mwenyewe anayeliangalia kutoka barazani hata kama humuoni. Ukipita juu, zile zinazovunjika vichwa hushuka daraja zikifika kwenye mizani ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Toka mapema, ingia katikati ya njia ukiwa umetazama nyuma. Ikiwa umeshalikanyaga, shuka, okota, omba radhi, na pochi isiwe ndani sana ya begi.