Kipimo cha mkono kwa wachezaji vijana: mfupa hausomi tarehe ya kuzaliwa

Aprili 2018 timu ya Zanzibar ya vijana chini ya miaka 17, Karume Boys, iliondolewa kwenye mashindano ya CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, nchini Burundi. Wachezaji 12 walionekana wamezaliwa kabla ya Januari 1, 2002, tarehe ambayo kanuni iliiweka kuwa mpaka. Tangu hapo, timu ya vijana ikitajwa barazani neno "vijeba", yaani wachezaji waliozidi umri, halikosi, na mtu wa pili hudakia: "Si wapimwe mkono tu!"

Huo mkono ndio ninaotaka kuueleza, maana sisi wa tiba ya michezo tunabebeshwa imani kubwa kuliko uwezo wa kipimo chenyewe.

Kinachopimwa ni kifundo cha mkono wa kushoto, kwa mashine ya MRI. Mashine hiyo hutumia sumaku, si mionzi ya eksirei, kwa hiyo mzazi asiogope. Kijana atavua saa na cheni, atalala bila kutikisika na kuvumilia kelele. Tunautazama mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba. Karibu na ncha yake kuna utepe wa gegedu, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Kadiri kijana anavyokua utepe huo huzibwa kidogo kidogo, mpaka ncha na mfupa vinakuwa kitu kimoja. Hali hizo tumezigawa ngazi sita, na ya sita ni mfupa uliofunga kabisa. Ni nadra sana mvulana ambaye hajatimiza miaka 17 kufika ngazi hiyo. FIFA iliutegemea ukweli huo ilipoanza kutumia kipimo hiki kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 nchini Nigeria, mwaka 2009.

Sasa tazama upande wa pili. Kijana wa miaka 18, au hata 19, anaweza kuwa mfupa wake bado haujafunga. Huyo atapita. Aliyepita, basi, hajathibitishwa kuwa na miaka 16. Tumeshindwa tu kumkatalia. Kwa timu ya chini ya miaka 15 kipimo husaidia kidogo zaidi, kwa sababu kijeba wa miaka 16 kwa kawaida naye hupita. Wasichana hatuwapimi hivi kabisa: mifupa yao hufunga mapema, tungewaonea.

Ndiyo maana cheti cha kuzaliwa bado kinaushinda mkono, ilimradi kiwe kilichoandikishwa mtoto angali mchanga, si kile kilichokimbiliwa wiki ya safari. Mimi ningeanzia hapo, kisha MRI iwe kizingiti cha mwisho kabla timu haijapanda ndege.

Kwa Zanzibar, yenye watu takriban milioni 1.9, kosa la namna hii huuma zaidi. CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliipokea Machi 2017 na kuifutia uanachama Julai mwaka huo huo, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Ikifungiwa CECAFA, mtoto wa Makunduchi au Wete hana pengine pa kuivaa jezi ya Zanzibar kimataifa.

Kuna jambo jingine ambalo makocha hawapendi kulisikia. Vijana wawili waliozaliwa mwezi mmoja wanaweza kupishana ukomavu wa mifupa kwa miaka kadhaa. Yule wa ndevu huenda si kijeba, amewahi tu. Ukimchagua yeye kila mara kwa ajili ya nguvu, unamwacha kijana mdogo wa umbo mwenye mguu mzuri, ambaye akifika miaka 19 watalingana kimo. Zanzibar ilipotwaa ubingwa wa CECAFA wa chini ya miaka 15 nchini Uganda mwaka 2023, fainali dhidi ya wenyeji iliamuliwa kwa penalti, na penalti haiulizi kifua.