Cha kuanika na cha kusitiri

Kijana akiniletea picha alizopiga kwa wazee, siangalii picha kwanza. Nafungua taarifa zilizojificha ndani ya faili: saa, aina ya simu, na zile namba mbili ndefu zinazoonyesha mahali picha ilipopigwa, karibu hatua kwa hatua. Nazifuta papo hapo. Ukipakia mtandaoni picha ya kigango pamoja na namba zake, umemchorea mwizi ramani.

Vigango ni nguzo za mti zilizochongwa, ambazo Wagiriama wa pwani ya Kenya huwasimamishia wazee wa Gohu, chama chao cha heshima, waliofariki. Haviuzwi. Hata hivyo vingi viling'olewa, vikaishia Marekani katika makumbusho na majumba ya wakusanyaji. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa kando ya vigango viwili vya nduguze. Baadaye vikaibwa. Miaka mingi ikapita kabla Udvardy hajakitambua kimoja katika jumba la makumbusho la Illinois. Picha ile ndiyo iliyosaidia kuthibitisha kilikuwa cha nani, na mwaka 2007 kikarudishwa kwa wenyewe. Kwa hiyo sisemi picha zisipigwe. Zipigwe, zitunzwe, na wenyewe waamue ni nani azione.

Mzee mmoja wa kambi, yaani baraza la wazee wa kaya, alinifafanulia mpaka kati ya cha kuanika na cha kusitiri vizuri kuliko kitabu chochote nilichosomea. "Mwanangu, habari za kutoka Singwaya mpe kila mtu, hata Mzungu. Lakini fingo lilipozikwa usiniulize." Singwaya ndiko masimulizi yetu yanakosema tulitoka. Fingo ni kinga ya kaya, yaani msitu mtakatifu wa wazee, na wanaojua lilipo ni wachache. Wapo Wawarumungu, wenyeji asilia wa Tennant Creek, Australia, waliotaka hifadhi ya kidijitali inayofuata taratibu zao wenyewe: picha hii ya wanawake tu, hii ya ukoo fulani, hii isionyeshwe kwanza kwa kuwa mhusika amefariki. Wakaiita Mukurtu, jina la mfuko wa kutunzia vitu vya thamani. Leo programu hiyo inapatikana bure, na jamii nyingine duniani zinaitumia.

Huku kwetu mambo yamepinduka. Niliwahi kusoma ripoti iliyowekwa wazi kwa dunia nzima, ndani yake kuna mchoro wa njia za ndani ya kaya na alama panaposemekana kuwa na fingo. Lakini tangazo la ardhi linalowahusu wazee wale wale limelala kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, kwa Kiingereza cha mawakili, na siku za kupinga zinahesabika. Linaloniuma ni kwamba kila mmoja anaweza kudai hajaficha kitu. Gazeti lenyewe linasomeka bure mtandaoni, ni kweli. Lakini mzee hana simu janja, mjukuu wake hana bando, na hakuna aliyewaambia litafutwe.

Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kumjibu anayeomba. Naitumia mara kwa mara. Barua fupi yenye tarehe na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa hufanya kazi kuliko kelele.

Tangazo likitoka, nalifupisha kwa Kiswahili. Sentensi ya kwanza huwa ni siku ya mwisho ya kupinga, kwa sababu wengi hawafiki ya tatu. Namba ya tangazo na tarehe ya gazeti naziacha zilivyo, ili mtu asilazimike kuniamini mimi. Kisha mama mmoja mwenye sauti inayosikika hata kwenye spika mbovu hulisoma kwa Kigiriama, dakika mbili hazizidi, tukarusha kwenye makundi ya WhatsApp ya vijiji. Sauti hiyo haina kufuli. Kila anayeipata namwomba aisambaze, aicheze kwenye baraza la chifu, dukani, msibani. Lakini rekodi za wazee ziko kwenye diski mbili. Moja ninayo mimi, nyingine iko kwa kambi, na nywila ya ile ya kwao siijui.