Gari linaloongeza kasi halikwenda kwa kasi ya mwisho tangu mwanzo

Gari limesimama. Linaondoka, na baada ya sekunde 8 lina kasi ya mita 20 kwa sekunde, likichapuka kwa kiwango kilekile muda wote. Limekwenda umbali gani? Wengi huzidisha 20 kwa 8 na kujibu mita 160. Jibu hilo si sahihi, na kosa lake linaeleweka: kanuni ya kasi mara muda tumeikariri tangu utotoni, tukasahau kwamba inataka kasi isiyobadilika.

Mchapuko wenyewe hauna utata: badiliko la kasi gawanya kwa muda, 20 ÷ 8, yaani mita 2.5 kwa sekunde kila sekunde.

Sasa litazame gari kwa karibu. Katika sekunde ya kwanza linasogea mita 1.25 tu, pengine halijapita hata urefu wa boneti yake. Katika sekunde ya nane peke yake linakata mita 18.75. Ile kasi ya mita 20 kwa sekunde gari limeifikia mwishoni kabisa, basi vipi tuihesabu kwa safari nzima? Kinachofaa ni kasi ya wastani: (0 + 20) ÷ 2 = 10. Zidisha kwa 8, unapata mita 80.

Kama gari lilianza likiwa tayari na kasi ya mita 10 kwa sekunde, likafikia 20 kwa sekunde 8 zilezile, wastani ni 15 na umbali ni mita 120. Ila mchapuko ukibadilikabadilika njiani, njia hii ya wastani usiitumie.