Ukuta wa uwa: kwa nini unalala, na namna ya kuujenga ukae

Masika yakishapita, ukizunguka Mwanakwerekwe, Fuoni au Kisauni hapa Unguja utakuta nyumba zimesimama salama na kuta za uwa zimelala. Nyengine zimeangukia njia, nyengine zimebaki zimeegemea mwembe. Mwenye nyumba atakwambia mvua ilikuwa kubwa. Ni kweli ilikuwa kubwa, lakini jirani yake naye alinyeshewa na mvua hiyo hiyo.

Sisi tunaofundisha ufundi wa majenzi tunaliona tatizo hili limeanza mapema, pale mtu anapodhani ukuta wa uwa ni kazi nyepesi kuliko ukuta wa nyumba. Nyumba anamtafutia mwashi mzuri. Ukuta anampa kijana aliyekuwa akibeba karai, na matofali ni yale yaliyobaki. Ukweli ni kinyume chake. Ukuta wa chumba umeshikwa kila upande: huku kona, kule ukuta wa kati, juu mkanda wa zege na paa. Ukuta wa uwa umesimama peke yake na kichwani hauna kitu cha kuushika. Kinachouzuia usilale ni uzito wake, unene wake, msingi wake na nguzo zake, basi.

Tufanye hesabu kidogo. Ukuta wa tofali la inchi 6, wenye kimo cha mita 2, una uzito wa kiasi cha kilo 600 kwa kila mita moja ya urefu wake. Upepo wa kilomita 70 kwa saa, ambao katika ngurumo za masika si jambo la ajabu, unaisukuma mita hiyo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 60. Zinaonekana kidogo mbele ya kilo 600, lakini nguvu ya upepo inasukuma katikati ya kimo, mita 1 kutoka chini, wakati uzito wa ukuta unajishikilia kwenye nusu ya unene wake tu, yaani sentimita 7 na nusu. Ukizidisha kilo kwa mita, upepo una 60 na ukuta una 45. Ukuta huo, kama hauna nguzo na haukufungwa na msingi, umebakishwa na mota tu, ule mchanganyo wa saruji na mchanga unaoshikanisha matofali. Sasa upunguze kimo uwe mita 1: upepo unabaki na 15, ukuta unabaki na 22 na zaidi. Ukuta mfupi unasimama wenyewe. Kila unapokizidisha kimo mara mbili, uzito unaongezeka mara mbili na nguvu ya kuangusha inaongezeka mara nne.

Kwa hivyo ushauri wetu wa kwanza ni huu, na watu wengi hawaupendi: pesa ikiwa ndogo, punguza kimo, usipunguze saruji. Kozi 5, yaani safu 5 za matofali, zilizojengwa vizuri, juu yake ukaweka ua wa michongoma au wavu, ni bora kuliko kozi 9 za kuombea dua.

Mfuko mmoja, matofali mangapi?

Nenda kwenye kiwanda chochote cha matofali cha kando ya barabara usikilize mazungumzo.

“Fundi, mfuko mmoja unatoa matofali mangapi?”

“Inategemea, mama. Tunatoa 30, tunatoa 35. Wewe unataka ya bei gani?”

Jawabu hilo lina kila kitu. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni kama lita 35. Tofali la inchi 6, lenye urefu wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 22 na nusu, likiwa limejaa bila tundu, ni lita 15 na kidogo. Matofali 35 ni zaidi ya lita 530 za mchanga ulioshindiliwa, na mchanga ukishindiliwa hupungua, maana yake ulioingia ulikuwa mwingi zaidi ya huo. Ukigawa kwa lita 35 unapata saruji 1 kwa mchanga zaidi ya 15. Tofali la namna hiyo linashikana kwa sababu ya mashine iliyolibana, na mvua ya kwanza inaanza kulila kwenye pembe. Mchanganyo tunaoupendekeza kwa ukuta wa nje ni 1 kwa 8 kwa wingi wa ujazo, na hapo mfuko utatoa kiasi cha matofali 16 mpaka 18. Bei yake itapanda. Ndiyo bei ya tofali.

Ukiwa huna uhakika, lijaribu kabla hujalipa. Likwaruze kwa msumari. Likitoa unga mwingi na mfereji mrefu, liache. Yagonganishe mawili: zuri lina mlio mkavu, baya linatoa mvumo uliofifia. Liangushe moja kutoka kiunoni kwenye udongo mgumu. Likivunjika vipande vitatu au vinne, mwambie muuzaji ahsante uondoke. Na usijaribu lile la juu tu aliloliweka mbele, chagua la katikati ya rundo.

Kuna jambo ambalo linaua tofali zuri kuliko uchache wa saruji, nalo ni ukame. Saruji haikauki ikawa ngumu, inakunywa maji ikawa ngumu. Tofali lililotolewa asubuhi likaachwa kwenye jua la Januari hadi jioni limeshapoteza nguvu ambayo haitarudi hata ukilimwagia mwezi mzima. Liwekwe kivulini, lifunikwe kwa nailoni au makuti, limwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7 kwa uchache, na 14 ni bora. Lisijengewe kabla ya wiki mbili. Siku 28 ndiyo muda wake kamili. Mnunuzi anaweza kumuuliza muuzaji swali moja tu: maji unayatoa wapi? Kiwanda kisicho na bomba, kisima wala pipa, ujue matofali yake hayakunywa kitu.

Mchanga na maji

Mchanga wa pwani usitiwe kwenye ukuta. Kwanza kuuchota bila ya ruhusa ni kosa, na fukwe zetu zinaliwa na bahari kila mwaka. Pili una chumvi. Chumvi haivunji tofali moja kwa moja. Inavuta unyevu, inachomoza juu ya lipu kama unga mweupe na kuibambua, na ikifika kwenye nondo inaleta kutu. Kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inalisukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka. Zile nguzo za ukuta unazoziona zimechanika wima, na nondo inachungulia kwa rangi ya hudhurungi, zimepasuliwa na kutu.

Tumia mchanga wa mashimo, kama ule unaochimbwa upande wa Donge na Pangatupu, kupitia utaratibu uliowekwa na Serikali. Uangalie usiwe na udongo mwingi: tia mchanga nusu ya chupa ya plastiki, ongeza maji, tikisa, uache saa chache. Udongo utakaa juu ya mchanga kama tabaka. Tabaka likiwa nene, uchekeche na kuuosha au utafute mwengine. Kwa upande wa maji, wenzetu wa Jambiani, Paje na Nungwi wanajua kwamba visima vingi vya huko vina chumvi. Ukiyaonja maji ukasita kuyameza, usiyakorogee zege la nondo.

Msingi kwa udongo wake

Hakuna kina kimoja cha msingi kwa Unguja na Pemba nzima. Kwenye kinongo, ule udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri, sentimita 50 mpaka 60 zinatosha. Kwenye kinamo, udongo mzito wa bondeni ambako watu hulima mpunga, mambo ni mengine: ukipata maji unavimba, kaskazi ikiingia unapasuka mianya. Hapo shuka sentimita 90 au zaidi, mpaka usawa ambao udongo hauchezi.

Uwandani na maweni mafundi hufurahi, maana jiwe liko juu juu. Furaha hiyo ina hatari yake. Jiwe letu la matumbawe lina mapango. Piga mtaimbo kila hatua moja ya mstari wa msingi na usikilize. Pakivuma kama ngoma, pavunje ujue kilicho chini, kisha pajaze zege. Jiwe zima lisafishwe, likwaruzwe kwa tindo, lilowanishwe, ndiyo zege limwagwe. Zege likimwagwa juu ya vumbi halishikani na jiwe.

Pemba kuna milima midogo kila upande, na Wete au Mkoani ni nadra kupata kiwanja tambarare. Msingi usifuate mteremko kama barabara, ukatwe ngazi, kila ngazi iwe tambarare na isizidi kimo cha tofali moja, na zege la juu lililalie la chini kwa sentimita 45 au zaidi.

Upana wa zege la msingi kwa tofali la inchi 6 uwe sentimita 45 mpaka 60, na unene sentimita 15 kwa uchache. Upana huu ndio unaomshinda yule upepo wa hesabu yetu, kwa hiyo fundi akikwambia “tofali moja na nusu inatosha, huu ni ukuta tu”, mwambie akae kwenye kipimo chako.

Nguzo na kujenga kwenyewe

Kwa ukuta wa mita 2 weka nguzo kila baada ya mita 2 na nusu hadi 3, kwenye kila kona na pande zote mbili za geti. Geti ndilo linaloanza kuharibu ukuta, kwa sababu linavuta upande mmoja kila likifunguliwa; nguzo zake ziwe nene na msingi wake uwe mpana kuliko wa nyengine. Nguzo ya kawaida ni ya zege la 1 kwa 2 kwa 4 (saruji, mchanga, kokoto), inchi 9 kwa inchi 9, nondo 4 za milimita 12, na ringi (vyuma vya kuzifunga nondo pamoja) za milimita 8 kila sentimita 20. Nondo zianzie ndani ya zege la msingi zikiwa zimepigwa miguu, yaani zimekunjwa ncha za chini. Ile nguzo iliyochomekewa baadaye juu ya ardhi ni pambo.

Jenga matofali kwanza, uache meno pembeni, kisha funga boksi na kumwaga zege liingie kwenye meno. Nondo isiguse mbao za boksi: ipate zege la sentimita 4 kila upande, na karibu na bahari sentimita 5. Vipande vidogo vya zege vilivyofungwa kwa waya kwenye ringi vinafanya kazi hiyo kwa gharama ya karibu bure.

Mota iwe 1 kwa 5 au 1 kwa 6, itumike ndani ya saa moja na nusu. Iliyoanza kukaza isirudishiwe maji. Hiyo ni tabia ya saa kumi jioni, fundi anataka kumaliza na karai bado limejaa. Viungo vipishane kozi kwa kozi, na kwa siku moja usipande zaidi ya kozi 5. Timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima, ipigwe kila kozi, kwa sababu ukuta ulioanza kwenda upande haurudishwi kwa lipu. Ukuta mrefu ukatwe kila mita 6 kwa mwanya wa sentimita 1 ulio wima, kwenye nguzo pacha, ili upasuke pale ulipotaka wewe.

Maji yatapita tu

Unguja hupata mvua ya kiasi cha milimita 1,600 kwa mwaka, Pemba zaidi ya hapo, na sehemu kubwa inamwagika Machi mpaka Mei. Kabla hujachimba, simama kiwanjani siku ya mvua uone maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Ukiziba njia yake yatatafuta nyengine, na mara nyingi ni barazani kwa jirani. Waulize wa Kibonde Mzungu waliowahi kuingiliwa na mafuriko. Acha matundu usawa wa ardhi, bomba la inchi 3 kila mita 2, na upande wa ndani weka kokoto ili yasizibe.

Hatari nyengine ni kifusi. Ukuta umejengwa wa uwa, miaka miwili baadaye mwenyewe anataka kuinua kiwanja, anamwaga kifusi mita nzima ndani. Udongo mkavu unasukuma, udongo ulioloa unasukuma zaidi, na tofali la inchi 6 halikujengwa kwa kazi hiyo. Pakitaka kujazwa pajengewe ukuta wa kuzuia udongo, wa mawe au zege lenye nondo, na hilo ni jambo la mhandisi kulichora.

Juu ya ukuta weka kofia ya zege yenye mteremko, itokeze sentimita 4 kila upande, ili maji yadondoke nje yasiteremke usoni. Chupa zilizovunjwa, wanazopenda baadhi yetu kuzipanga juu, zinaacha nyufa za kuingizia maji ndani ya ukuta, na mwizi anatupa gunia tu.

Kabla ya kufika kote huko, mpitie sheha na baraza la manispaa au halmashauri yako upate kibali, bikoni (alama za mipaka) zionwe mbele ya jirani, na njia iachwe kwa upana unaopitisha jeneza na gari ya zimamoto. Ndani ya Mji Mkongwe kibali kinatoka kwa mamlaka ya uhifadhi.

Ukuta ulioanza kulala

Kwa wenye kuta za zamani: shusha timazi kutoka juu. Ukiwa umetoka nje kwa zaidi ya theluthi ya unene wake, yaani sentimita 5 kwa tofali la inchi 6, usiupigie mti wa kuuegemeza ukasema utauona baada ya Idi. Watoto waondoshwe upande wote ulioinamia, kwa umbali usiopungua kimo chake mara moja na nusu, na ubomolewe kozi kwa kozi kutoka juu, siku kavu, mbomoaji akisimama upande usioinamia. Matofali yatakayotoka mazima na kufaulu mtihani wa msumari yanaweza kurudi kazini. Yaliyobaki yafanywe kifusi cha jamvi, chini ya sakafu.