Maswali ya watu wa machimbo na viwandani: vumbi, vidole, macho, na haki yako ukiumia kazini

Mimi ni muuguzi ukanda wa machimbo ya kokoto Chalinze, huku Lugoba na Msolwa. Wanaokuja kwetu ni watu wa krasha (mashine ya kusaga mawe), wa baruti, madereva wa malori na kijiko, na wengine wanatoka viwandani kabisa, simenti, nondo, mabati. Maswali yao yanafanana sana kwahiyo nimeyaweka hapa pamoja, kwa maneno yao wenyewe, na majibu ambayo huwa nawapa.

Sista, kazini kila jioni tunapewa pakiti ya maziwa yasafishe kifua. Kweli yanasaidia?

Hapana kaka angu. Maziwa ni chakula kizuri, kunywa, lakini yanaenda tumboni na vumbi lipo kwenye mapafu, ni njia mbili tofauti, hakuna maziwa yanayofika kule kwenda kuosha kitu. Nalisema hili kila siku na nitaendelea kulisema maana linaniuma, sehemu nyingi hiyo pakiti ndo imekuwa ulinzi wote wa afya, watu wanakunywa wanajiona wako salama, miaka inaenda.

Vumbi baya wala sio lile unaloliona limeganda kwenye kope. Baya ni lile laini sana, chembe ya silika (madini yaliyo ndani ya mawe) ambayo ni ndogo angalau mara 100 kuliko chembe ya mchanga wa ufukweni, huioni, puani haikamatwi, inashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu inakaa hapo. Mwili unajaribu kuizungushia makovu, na penye kovu hewa haipiti tena. Huo ugonjwa unaitwa silikosisi na dawa ya kuyaondoa hayo makovu haipo duniani.

Kinachosaidia ni maji. Jiwe liloweshwe kabla halijaingia kwenye krasha, drili itoboe na maji, barabara ya malori imwagiwe maji, mkanda unaobeba mawe ufunikwe, kabini ya dereva ifungwe vioo. Barakoa inakuja baada ya hapo, na iwe ile ya N95 au FFP2 inayobana uso vizuri pembeni, ukiwa na ndevu nyingi haibani. Kitambaa au kofia ya kuvuta usoni kinazuia mavumbi makubwa tu, yale laini yanapita kama kawaida. Na naomba sana muache kujipuliza nguo na kompresa mkitoka kazini, unalirudisha vumbi lote hewani unalivuta wewe na mwenzako, tena ule upepo unaweza kuingia mwilini kupitia kidonda au kupasua ngoma ya sikio. Badilisha nguo hapohapo kazini kama inawezekana, usiende kumbeba mtoto na ovaroli.

Lakini mawe si yanatofautiana?

Yanatofautiana ndio. Mawe ya chokaa kwa kawaida yana silika kidogo, karibu asilimia 2, granaiti inaweza kufika 20 mpaka 45, na mawe ya mchanga ndo mabaya zaidi, 70 kwenda juu. Kwahiyo anayechonga au kusaga mawe magumu yuko hatarini zaidi ya yule wa chokaa, ingawa hata la chokaa linachokoza kifua, wote mnahitaji maji.

Nakohoa mwezi wa tatu huu, nikipanda ngazi napumua juu juu, nimepima TB wanasema hamna. Ni nini?

Kitu cha kwanza, ulipoenda hospitali uliwaambia unafanya kazi gani? Wengi hawasemi. Anaulizwa anasema nakohoa, anapewa antibayotiki anarudi nyumbani, mwezi ujao anarudi tena na kikohozi kilekile, na daktari hajui kama mbele yake kuna mtu aliyesimama kwenye krasha miaka nane. Ukikaa tu sema: nafanya kazi machimboni, nimeanza mwaka fulani, kazi yangu ni kutoboa, au kulisha krasha, au kufagia chini ya mkanda. Hiyo sentensi moja inabadilisha vipimo utakavyoandikiwa, utapigwa picha ya kifua na kupimwa pumzi kwa kupuliza kwenye mashine.

Silikosisi ya kawaida inajitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, lakini kama vumbi ni zito sana inaweza kuja kati ya miaka 5 na 10, na kuna inayokuja haraka zaidi ya hapo. Mwanzoni huwezi kuhisi kitu. Na TB usiiache, kupima mara moja haitoshi, maana mapafu yenye silika yanaikaribisha TB, mtu mwenye silikosisi yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuipata kuliko mtu mwingine. Kwa wachimbaji wa kule Mirerani na kaskazini, hospitali ya Kibong'oto pale Siha inayajua haya magonjwa mawili yakiwa pamoja. Ukigundulika, kikubwa ni kutoka kwenye vumbi, kuacha sigara kabisa, na kutibiwa TB ukiwa nayo. Kuendelea na kazi ileile huku unakunywa dawa ya kikohozi ni kujimaliza.

Watu wanaogopa jiwe kudondoka kuliko vumbi. Shirika la Kazi Duniani mwaka 2023 lilikadiria kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu ya kazi, na kati yao kama milioni 2.6 ni kwa magonjwa, ajali zenyewe ni kama laki 3 na elfu 30.

Mwenzetu mkanda ulimkata vidole viwili, tukaviweka kwenye barafu tukakimbia nae, hospitali wakasema vimeharibika. Tulikosea wapi?

Poleni jamani, na mlifanya vizuri kuvibeba maana wengi huviacha palepale. Tatizo ni barafu kugusa nyama moja kwa moja, inaiunguza.

Siku nyingine, Mungu apishie mbali, anzeni na mtu, sio kidole. Mashine izimwe, akae chini, mkono juu, kandamiza kidonda na kitambaa safi kwa nguvu zote bila kuchungulia chungulia. Kama damu inaruka na haikati na ni mkono au mguu, funga kwa nguvu juu ya kidonda kama sentimita 5 mpaka 7, tumia kitu kipana, mkanda wa suruali au kitenge kilichokunjwa, kaza kwa kijiti, usitumie waya wala kamba nyembamba, andika saa uliyofunga hata kwa kalamu kwenye paji la uso wake, na usilegeze mpaka hospitali.

Ndo sasa mmoja ashughulike na kidole. Kisuuzwe kidogo na maji safi bila kusugua, bila Dettol, bila spiriti. Kifungwe kwenye kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo, kiingie kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ufungwe usipitishe maji, alafu huo mfuko ndo uwekwe ndani ya ndoo au mfuko mwingine wenye maji na barafu. Barafu utapata kwa mama anayeuza juisi hapo getini. Kidole kilichopozwa hivyo kinaweza kusubiri muda mrefu zaidi kuliko kilichoachwa kwenye joto. Sio vyote vinaungika, kilichosagwa ni ngumu, lakini uamuzi huo ni wa daktari. Pigeni simu mapema muulize wapi wanaunganisha, kwa Dar ulizieni MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, msije mkazunguka hospitali tatu muda ukaisha.

Mbona karibu kila ajali ya krasha inatokea wakati wa kuzibua jiwe na sio wakati wa kazi yenyewe?

Kwa sababu wakati wa kuzibua mtu anaingiza mwili wake kwenye mdomo wa mashine, na swichi iko mbali, na huyo aliye kwenye swichi hamuoni. Kelele zipo, mtu anapiga ukelele "washa!" akimaanisha mashine nyingine, huyu wa kwenye swichi anasikia vingine.

Dawa yake ni kufuli, na bei ya kufuli kila mtu anaijua. Swichi kuu inazimwa, anayeingia anaweka kufuli lake yeye mwenyewe na ufunguo anaingia nao mfukoni, kama mnaingia watatu makufuli matatu. Kabla hujaingia bonyeza kitufe cha kuwasha uone kama kweli imekufa. Na kumbuka mkanda wenye mzigo unaweza kurudi nyuma wenyewe hata umeme haupo, na jiwe lililobanwa linaweza kuruka likiachia. Karatasi ya "usiwashe" peke yake haitoshi, upepo unaipeperusha.

Supavaiza anayekwambia ingia haraka lori linasubiri, mjibu kwa heshima kwamba unafunga kwanza. Najua sio rahisi kusema hivyo ukiwa kibarua, ndo maana mkubaliane wote, mtu mmoja akisema peke yake anaonekana mkorofi.

Kipande cha jiwe kimeniingia jichoni, rafiki yangu anataka kukitoa na kijiti cha kiberiti.

Asikuguse! Usifikiche. Kama ni vumbi tu linalotembea juu ya jicho, fungua jicho uoshe na maji safi mengi yanayotiririka. Kama kimechoma kimeingia ndani, usikitoe na usioshe, funika na kikombe cha karatasi bila kukandamiza jicho, twende hospitali. Na hata kama huoni kitu ila ulikuwa unapiga nyundo au grainda na kuona kumekuwa ukungu, nenda, kile kidogo cha chuma kinaingia kama sindano na kidonda hakionekani.

Chokaa au simenti ni habari nyingine, hiyo inaunguza jicho dakika kwa dakika. Osha hapohapo ulipo, angalau dakika 20, kope zikiwa zimefunguliwa na mwenzako, na ndo uondoke. Msiweke maziwa ya mama wala sukari.

Na simenti mbichi ikiingia kwenye gambuti?

Vua mara moja uoshe. Inaunguza polepole, mwanzoni huwezi kuhisi maumivu, ukija kuhisi ngozi imeshaiva. Nimeona magoti ya watu waliopiga magoti kwenye zege mchana kutwa.

Masikio yanalia "ziii" usiku, yatapona?

Yakilia siku moja mbili baada ya kelele kubwa yanaweza kutulia. Yakilia kila siku ujue unapoteza usikivu, na ule ukishapotea haurudi. Kama mwenzako yuko mkono mmoja tu kutoka kwako na inabidi upaze sauti akusikie, hapo kelele zimeshafika karibu desibeli 85, unahitaji vizibo, na uvivae muda wote sio nusu saa.

Jiwe lilimbana mguu karibu saa zima, tumemtoa, anaongea na kucheka, bosi kasema akalale.

Asilale, aje hospitali sasa hivi. Nyama iliyobanwa muda mrefu ikiachiwa inamwaga sumu kwenye damu, moyo unaweza kusimama na figo zinaweza kufeli wakati mguu unaonekana wa kawaida. Mkojo ukiwa wa rangi ya soda nyeusi hiyo ni dharura. Na aliyeanguka toka juu msimbebe miguu na mikono kama gunia, shingo na mgongo vinaweza kuwa vimevunjika. Kichwa kishikwe kisicheze, atolewe kwenye ubao ulionyooka.

Mimi ni kibarua sina mkataba. Bosi kanilipia matibabu akanipa elfu hamsini tuyamalize. Nikubali?

Kabla hujasaini karatasi yoyote nisikilize. Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, umetokana na sheria ya 2008 na ulianza kazi Julai 2015. Mwajiri ndo anachangia, sasa hivi asilimia 0.5 ya mishahara, na hatakiwi kukukata wewe. Ukiumia kazini unastahili matibabu, na ukishindwa kufanya kazi kwa muda kuna malipo ya asilimia 70 ya kipato chako, yanaweza kwenda mpaka miezi 24, na ulemavu wa kudumu una malipo yake. Elfu hamsini ni ya kitu gani hapo?

Kutokuwa na karatasi haimaanishi wewe sio mfanyakazi. Sheria za kazi zinakuchukulia ni mwajiriwa, mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo, kama kwa mfano umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu ya karibuni. Kwahiyo tunza ushahidi: meseji za M-Pesa za malipo, picha yako ukiwa eneo la kazi, majina ya waliokuwepo, karatasi za hospitali zote. Mwambie mwajiri siku hiyohiyo na iwe kwa maandishi, hata meseji, maana akishajua anatakiwa kuripoti ndani ya siku 7, na dai lote lisizidi miezi 12. Akigoma nenda mwenyewe ofisi ya WCF. Na pale kwetu ukifika sema "nimeumia kazini" tuandike hivyo, mkija mkasema umeanguka nyumbani kwa sababu bosi kawaelekeza, mmejifungia mlango wenyewe. Kenya nao wana sheria yao ya fidia kwa wanaoumia kazini, WIBA ya 2007.

Magonjwa nayo yanahesabika, sio ajali tu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ya 2003 inataka upimwe afya unapoanza, ukiwa kazini, na unapoacha. Dai hicho kipimo cha kuacha kazi, picha ya kifua ya siku hiyo inaweza kuwa ushahidi wako baadaye.

Sisi akina mama tunaogonga kokoto wenyewe hatuna bosi wala WCF, tufanyeje?

Mama zangu, kwanza kaeni upepo ukitokea mgongoni, rundo mlimwagie maji kabla ya kugonga, hata kopo moja moja. Jiwe lishikwe na ule mduara wa mpira wa tairi, sio vidole. Miwani ya plastiki inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, nunueni hata kwa kuchanga, na muivae muda wote mnaogonga. Mtoto asikae karibu, vipande vinaruka mbali na mapafu yake ni madogo, pangeni zamu mmoja awaangalie watoto wote pembeni. Mkijikata osheni kidonda na maji mengi na sabuni mje kuchoma sindano ya pepopunda hata kama kidonda ni kidogo, mjamzito aje na kadi yake ya kliniki tuangalie ameshachoma ngapi.